Kununua matairi mapya ya gari dogo la 4WD: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wenye RAV4, Forester, X-Trail, Escudo (inayouzwa kwingine kwa jina la Grand Vitara), CR-V, Rush, Terios na Jimny. Land Cruiser, Prado na pikapu zina uzito na kazi nyingine, kwa hiyo hazimo humu. Ushauri mkuu nauweka mapema: chagua tairi kwa kufuata barabara unayopita siku nyingi za mwaka, na hakikisha magurudumu yote manne yanafanana. Ukizingatia mawili hayo, mengine yote yanarekebishika.

Saizi sahihi ya gari langu ni ipi?

Usinakili tu saizi iliyoandikwa kwenye tairi lililopo sasa. Gari likishapita mikononi mwa watu wawili watatu, mara nyingi limevishwa tairi lililopatikana siku ya dharura. Fungua mlango wa dereva, tazama kibandiko kwenye nguzo. Hapo kuna saizi iliyokusudiwa na kiasi cha upepo.

Kama kibandiko kimefutika, hizi ndizo saizi zinazokutana nasi sana. RAV4 ya 2000 hadi 2005 hutumia 215/70R16 au 235/60R16 kutegemea toleo. Iliyofuata hutumia 215/70R16, 225/65R17 au 235/55R18. X-Trail ya kwanza, T30, nyingi ni 215/65R16, na Rush ni hiyo hiyo. Forester ya umbo la SG mara nyingi ni 215/60R16, na ya SH ni 215/65R16 au 225/55R17. Escudo ya kuanzia 2005 ni 225/70R16 au 225/65R17. Jimny ndizo zinazowachanganya watu zaidi: ndogo ya cc 660 (JB23) ni 175/80R16, ya cc 1,300 (JB43) ni 205/70R15, na mpya ya cc 1,500 (JB74) ni 195/80R15. Linganisha na rimu ulizonazo kabla ya kulipa, kwa sababu rimu nazo hubadilishwa.

Namba na herufi zilizo ubavuni zinasema nini?

Tuchukue 215/70R16 100H. 215 ni upana wa tairi kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, yaani milimita 150 na nusu. R inaeleza mpangilio wa nyuzi za ndani, na matairi ya magari haya siku hizi yote ni ya aina hiyo. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Mpaka hapo wauzaji wengi wanajua na wanaishia hapo.

Sehemu wanayoiruka ni ile ya mwisho. 100 ni alama ya uzito: tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo 800. Alama 96 ni kilo 710, 98 ni kilo 750, 102 ni kilo 850. H ni mwendo: kilomita 210 kwa saa. Q ni 160, S ni 180, T ni 190, V ni 240.

Kwenye uzito usishuke chini ya alama iliyoandikwa kwenye kibandiko cha gari. Gari dogo la 4WD kwetu hubeba watu watano, mabegi nyuma, na juu ya keria magunia au godoro. Tairi lililozidiwa uzito hupinda ubavu kila linapozunguka, likapata joto, na joto ndilo linalolipasua.

Kwenye mwendo una nafasi zaidi. Kenya magari madogo mwisho wake kisheria ni kilomita 110 kwa saa, kwa hiyo tairi la T, au hata S, halijabanwa. Ila herufi hiyo inaeleza pia uwezo wa kuvumilia joto. Ukishuka kutoka H kwenda T kwa sababu umechagua tairi la A/T (la lami na vumbi, nalieleza chini), sawa. Ukishuka kwa sababu tu lilikuwa rahisi dukani, hapo utakuwa umeokoa pesa mahali pabaya.

Naweza kuweka kubwa kidogo ili gari liinuke?

Kidogo, ndiyo. Lakini fanya hesabu kwanza. Kipenyo cha 215/70R16 ni kama milimita 707. 225/70R16 ni milimita 721, ongezeko la asilimia 2: spidomita ikisoma 100 wewe uko kwenye 102. 225/75R16 ni milimita 744, asilimia 5: ukisoma 100 uko 105.

Sasa tazama unachopata. Gari huinuka kwa nusu ya ongezeko la kipenyo tu. 225/70R16 inakuinulia milimita 7, na 225/75R16 milimita 18. Kwa hizo milimita 18 unapoteza nguvu ya kuondoka kwenye mlima, breki zinafanya kazi zaidi, mafuta yanaongezeka, na tairi linaweza kusugua madigadi ukikata kona na mzigo. Injini ya cc 1,800 au 2,000 inausikia uzito huo. Nionavyo mimi, asilimia 2 ndiyo mpaka wa busara kwa gari ambalo halijafanyiwa marekebisho ya springi.

Ukiamua kuongeza, mwambie fundi afunge tairi moja mbele kwanza, ushushe gari chini, uzungushe usukani mpaka mwisho pande zote mbili, kisha ubonyeze kona ile ya gari kwa nguvu. Likigusa popote, rudi kwenye saizi ya kibandiko. Jimny ya JB74 ina nafasi zaidi chini ya madigadi, na wengi huiwekea 215/75R15 badala ya 195/80R15. Tofauti ni chini ya asilimia 2.

H/T, A/T na M/T: nichukue ipi?

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa sababu watu hununua sura ya tairi.

H/T ni tairi la lami. Kashata zake, yaani vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara, zimekaribiana, halipigi kelele, linashika vizuri lami yenye maji na linakula mafuta kidogo. A/T lina kashata zilizoachana zaidi na mpira mgumu zaidi, linapita lami na vumbi. M/T ni la tope: kashata kubwa, mapengo mapana, uzito mwingi, mngurumo mwendo mzima.

Kama unakaa Dar es Salaam, unakwenda kazini kwa lami, unatoka Goba au Chanika kwa kilomita chache za vumbi, na mara mbili kwa mwaka unakwenda kijijini kwa barabara kuu, H/T nzuri inakutosha. Najua hili haliwafurahishi wenye 4WD. Lakini siku ya hatari kwako ni ile ya mvua ya kwanza kwenye lami iliyokaa na vumbi na mafuta miezi minne, lori limesimama ghafla mbele. Siku hiyo H/T nzuri inasimama mapema kuliko A/T nyingi, na mapema zaidi kuliko M/T yoyote.

Kama wewe ni mwalimu, nesi au afisa ugani, na kazi yako iko Mbulu, Kondoa, milimani Lushoto au vijiji vya Taita, na nusu ya njia yako ni changarawe na makorongo, chukua A/T. Faida yake kubwa kwenye changarawe si kushika tu. Kashata nene huzuia mawe yasikate mpira, na tairi linadumu pale ambapo H/T ingenyofoka vipande vipande. Tafuta A/T ya wastani, yenye kashata za katikati zilizoshikana, si ile inayokaribia kufanana na M/T.

M/T kwa magari haya naipendekeza kwa watu wachache sana: wanaoishi kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata, na wanaolazimika kupita wakati wa masika. Udongo huo hujaa kwenye kashata za tairi la kawaida mpaka tairi linakuwa laini kama kipara, hata likiwa jipya. Mapengo mapana ya M/T huutupa udongo nje tairi linapozunguka. Lakini ili kuutupa, tairi lazima lizunguke kwa nguvu, na hapo gari lenye gia ndogo ya kukokota, kama Jimny na Escudo nyingi, linafaidika kuliko RAV4 au X-Trail isiyokuwa nayo. Na kwenye tope lenye ardhi ngumu chini, tairi jembamba hufanya vizuri kuliko pana, kwa sababu linakata mpaka kwenye ugumu. Jimny na matairi yake membamba inapita mahali ambapo gari kubwa zaidi linateleza juu juu.

Mawe makali ni habari nyingine. Njia ya Engaruka kwenda Ngare Sero na Ziwa Natron, au barabara za kuzunguka Loiyangalani kwenye Ziwa Turkana, zina mawe ya volkano yanayochana ubavu. Hapo kashata si kitu, kinachotakiwa ni ubavu mgumu. Uliza kama tairi lina tabaka mbili au tatu ubavuni, kwa kawaida imeandikwa kwenye tairi lenyewe. Matairi yenye herufi LT mwanzoni mwa saizi yametengenezwa kwa malori madogo, na ubavu wake ni imara. Ila yanahitaji upepo mwingi zaidi kubeba uzito ule ule, na kwenye gari dogo yanarukaruka na kuchosha shokapu. Kama unapita huko mara moja kwa mwaka, nenda polepole na spea mbili, usinunue LT.

Mchangani, kwa mfano njia za ufukweni, linalokuvusha ni kupunguza upepo. M/T mchangani huchimba na kukuzamisha.

Lazima nibadilishe yote manne kwa mara moja?

Kwa gari linalotumia magurudumu manne muda wote, au linaloyaita lenyewe kwa kompyuta, jibu langu ni ndiyo, na sababu yake si ya wauza matairi.

Tairi jipya tuseme lina kashata za milimita 8, la zamani limebaki na 3. Tofauti ya kipenyo ni milimita 10. Kwa saizi ya 215/70R16, tairi la zamani litazunguka kama mara 6 zaidi kila kilomita. Safari ya karibu kilomita 600, kama Dar es Salaam hadi Arusha, inafanya zaidi ya mizunguko 3,500 ya ziada. Mbele na nyuma hazipatani mwendo mzima, na kuna kitu katikati kinacholazimika kuimeza tofauti hiyo. Kwenye RAV4 ya 2000 hadi 2005 ni difu ya kati inayosaidiwa na kifaa chenye mafuta mazito ya silikoni. Kwenye X-Trail ni klachi inayoendeshwa kwa umeme. Kwenye Forester ya otomatiki ni pakiti ya klachi ndani ya gia boksi. Vyote vimetengenezwa kumeza tofauti ndogo za kwenye kona. Vikimeza tofauti isiyokwisha vinapata joto, na bei ya kuvitengeneza inaweza kuzidi seti nzima ya matairi.

Subaru wenyewe hutaka mzingo wa matairi manne usitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Ukiigeuza kuwa kimo cha kashata, ni karibu milimita 1 tu. Wenye Forester wanaochanganya tairi za aina mbili tatu hawajui jambo hili, kisha wanalalamika kwamba gari linavutavuta kwenye kona za kuegesha.

Jimny ni tofauti. Ikiwa kwenye 2H inaendeshwa kwa magurudumu ya nyuma tu, na ukitia 4H au 4L mbele na nyuma hufungwa pamoja bila difu ya kati. Kwa hiyo mwenye Jimny anaweza kununua mawili mawili bila kuua kitu, mradi 4H na 4L azitumie kwenye vumbi, tope au mchanga pekee, kama inavyotakiwa hata kwa matairi yanayolingana.

Kama mfuko unaruhusu mawili tu, na yale mengine bado yana kashata nyingi, nunua aina ile ile na saizi ile ile, uyafunge mhimili mmoja, tena wa nyuma. Watu hupenda kuweka mapya mbele kwa sababu ndiyo yanayopinda. Lakini mbele ikiteleza kwenye maji dereva anahisi na kupunguza mwendo, nyuma ikiteleza gari linageuka kabla hujajua. Na kushoto na kulia kwa mhimili mmoja kamwe visitofautiane.

Matairi ya mtumba yana ubaya gani? Ni rahisi na yanatoka Japani.

Kutoka Japani hakutoshi. Mengi yanayokuja na magari au makontena ni ya msimu wa baridi, yale wanayoyaita studless, yaliyotengenezwa kwa barafu ya Hokkaido na kaskazini ya Honshu. Utayatambua kwa mikato myembamba mingi, kama nyufa za kiwembe, juu ya kila kashata, na mpira unaobonyea ukiminya kwa ukucha. Mara nyingi yana neno STUDLESS ubavuni, au majina kama Blizzak, iceGUARD na Winter Maxx, na herufi ya mwendo ni Q.

Mpira huo umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali. Kwenye lami ya Mombasa au Dodoma saa nane mchana unakuwa laini kupita kiasi: gari linayumba ukikata kona, breki zinachelewa, na tairi linakwisha upesi. Kama umenunua gari lililotoka bandarini likiwa na studless, panga bajeti ya kubadilisha mapema, hata kama kashata zinaonekana ndefu.

Tairi la mtumba la kawaida linaweza kuwa zima, lakini huwezi kujua lilikaa na upepo kidogo muda gani wala liligonga nini. Ukilazimika, lifunguliwe kwenye rimu utazame ndani. Vumbi la mpira mweusi, mstari wa duara kwenye ubavu wa ndani, au kiraka karibu na bega la tairi (pale kashata zinapokutana na ubavu), liache. Mtu anayebeba familia ningependa anunue H/T mpya ya bei ya kati kuliko mtumba wa jina kubwa.

Nitajuaje tairi "jipya" si la zamani?

Tafuta neno DOT ubavuni na tarakimu nne za mwisho wake. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2324 ni wiki ya 23 ya 2024. Mara nyingi tarakimu hizo zimeandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo geuza tairi, na usikubali kuonyeshwa moja ukapewa manne. Zikiwa tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya 2000.

Jambo hili lina uzito kwetu kwa sababu matairi yanatoka mbali. Zamani kulikuwa na General Tyre ya Arusha, na Nairobi kiwanda cha Sameer kilichotoa Yana. Cha Arusha kilisimama, na cha Nairobi kikasimamisha uzalishaji 2016. Sasa tairi husafiri kwa meli, hukaa ghalani, kisha dukani, na saizi isiyonunuliwa sana, kama 175/80R16 ya Jimny ndogo, huweza kukaa rafuni miaka.

Mpaka miaka miwili tangu litengenezwe, likiwa limehifadhiwa kivulini, halina tatizo. Miaka mitatu, omba punguzo. Zaidi ya hapo, waachie. Yale yanayopangwa nje ya duka yakaanikwa juani mchana kutwa usiyachukue hata yakiwa ya mwaka huu. Baada ya kuyafunga, watengenezaji wengi hushauri tairi likishatimiza miaka mitano likaguliwe kila mwaka na lisivuke miaka kumi hata kama kashata zipo. Kwa jua letu, ningelitoa likiwa na sita au saba.

Kampuni gani nzuri?

Bridgestone, Michelin, Yokohama, Dunlop, Toyo, Falken na Maxxis zote zina matairi ya magari haya, na majina kama Geolandar ya Yokohama au Grandtrek ya Dunlop utayakuta kwenye maduka ya Gerezani Dar es Salaam na Kirinyaga Road Nairobi. Lakini ndani ya kampuni moja kuna tairi zuri na la kawaida, na jina maarufu huigwa. Nunua kwa anayekupa risiti yenye aina, saizi na tarehe ya DOT.

Matairi mengi yana alama za Kimarekani ubavuni: TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE. Ya kwanza ni namba ya kudumu, kubwa ni bora, lakini kila kampuni hujipimia yenyewe, hivyo linganisha ndani ya kampuni moja. Ya pili ni kushika lami yenye maji: AA ni bora, kisha A, B, C. Ya tatu ni joto, na hiyo ndiyo ningeiangalia kwanza hapa kwetu: A au B. C niikatae kwa gari linalosafiri mbali. Matairi ya LT na yenye kashata ndefu sana hayawekewi alama hizi, usishangae.

Upepo niweke kiasi gani?

Ule wa kibandiko, ukiupima asubuhi kabla gari halijatembea. Vibandiko vya Japani vinaandika kPa: 200 ni kama psi 29, 220 ni psi 32. Mafundi wengi hujaza psi 40 kila gari ili "lisile mafuta". Matokeo yake ni kashata za katikati kuisha kwanza, gari kuruka kwenye matuta ya vumbi, na breki kurefuka. Upepo mdogo nao hula pande zote mbili na kuchemsha ubavu. Na namba iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe ni mwisho wa uwezo wake, si kipimo cha kujaza.

Ukipakia watu na mizigo, fuata safu ya mzigo kama kibandiko kinayo. Kwenye vumbi lenye makunyanzi punguza psi 3 au 4. Mchangani shuka hadi 18, au 15 ukikwama, uende polepole bila kukata kona kwa ghafla, na ujaze upya kabla ya kurudi lami. Maana yake lazima uwe na geji yako na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye gari. Zote mbili zikijumlishwa hazifikii bei ya tairi moja.

Gesi ya naitrojeni haina ubaya, lakini hewa ya kawaida ni asilimia 78 naitrojeni tayari. Pesa hiyo nunulia geji.

Pancha: lipi linazibika?

Tundu kwenye eneo la kashata, lisilozidi milimita 6, linazibika. Kamba inayosokomezwa kutoka nje ni ya kukufikisha. Ukifika, tairi lifunguliwe, litazamwe ndani, liwekwe kiraka chenye shina linaloziba tundu lenyewe. Ubavuni na begani hakuna kuziba, hata fundi akiapa. Na kama ulitembea kilomita moja tairi likiwa bapa, ubavu umeshasagika kwa ndani na halifai tena.

Fundi anasema atanichongea kashata upya.

Kataa. Kuchonga kunaondoa mpira uliobaki juu ya nyuzi. Yanayoruhusiwa kuchongwa ni ya malori, yenye neno REGROOVABLE. Vijivimbe vidogo ndani ya mifereji ya tairi vina kimo cha milimita 1.6, kashata zikishuka hadi hapo, tairi limekwisha. Kwa mvua zetu, milimita 3 ndipo pa kuanza kutafuta mengine.

Na spea?

Iwe saizi ile ile. Spea ya Jimny, na ya RAV4 na Escudo nyingi za zamani, huning'inia mlango wa nyuma, inapigwa jua miaka, kwa hiyo soma DOT yake kama ya mengine, na uifunike. Ukinunua matano na kuzungusha yote matano, kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000, unakuwa na spea inayolingana muda wote. Kwa 4WD ya muda wote, huo ndio mpango bora ninaoujua.

Magari mengine huja na spea nyembamba ya dharura. Mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa, na ni ya kufika kwa fundi tu. Baadhi ya Forester za zamani za otomatiki zina sehemu ya fyuzi iliyoandikwa FWD chini ya boneti: ukifunga spea hiyo, chomeka fyuzi hapo ili magurudumu ya nyuma yasishirikishwe, kisha uitoe ukirudisha tairi kamili.

Siku ya kufunga nisimamie nini?

Simama karibu, usikae kwenye benchi la wateja. Valvu ziwe mpya. Kama tairi lina mshale, uelekee mbele. Kama lina neno OUTSIDE, liwe nje. Kubalansi kufanyike kwa mashine magurudumu yote manne, na alaimenti baada yake, kwa sababu bushi au boljointi iliyochoka itakula tairi jipya upande mmoja ndani ya miezi michache. Yatazame matairi yaliyotolewa kabla hayajachukuliwa: yakiwa yameliwa ndani tu, mwambie fundi akague chini ya gari kabla ya kufunga mapya.

Nati zikazwe kwa spana ya mkono yenye kipimo, si bunduki ya upepo peke yake. Kwa Toyota nyingi ndogo ni Nm 103. Zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa kilomita mia mbili tatu za mwanzo endesha kwa upole na uache nafasi zaidi mbele, hasa mvua ikinyesha, mpaka ule utelezi wa kiwandani ulio juu ya mpira utoke.